Habari za Huko ni za Nani?

Ukiulizwa habari kwa Kiswahili, jibu la kwanza ni "nzuri". Hata kama ndani kuna mgonjwa anakata roho, hata kama jana umefukuzwa kazi, unaanza na nzuri, halafu unavuta pumzi na kusema "lakini". Wageni wanaojifunza lugha yetu hucheka wakilijua jambo hili. Wanaona ni uongo wa kila siku. Mimi sioni uongo hapo, manake anayeuliza na anayejibu wote wanajua kwamba nzuri ile bado si habari. Ni kama kupiga hodi. Habari yenyewe inakuja baada ya lakini, mkishakaa, kahawa ikishamiminwa.

Shida ni wale ambao lakini yao haifiki.

Hapa Mji wa Kale, kutoka Kuze mpaka Kibokoni, ni taabu kupata nyumba isiyokuwa na mtu nje. Kuna wa Jeddah, wa Muscat, wa Doha, wa London, wa Toronto. Habari za Ghuba tumeshazijua, nzuri yake na lakini yake, kwa sababu watu wamekwenda na kurudi, na wengine wamerudishwa kwenye sanduku. Ya Ulaya bado tunaletewa nzuri tupu. Siku hizi hata haisemwi kwa mdomo, inatumwa kwa picha: mnara wa Paris nyuma, kofia ya sufi kichwani, kikombe mkononi. Jamaa wanatia mioyo myekundu chini ya picha, mama anapitisha simu kwa majirani, na mtoto wa jirani anakwenda kulala akiota baridi.

Sasa, mtu aliyekwenda kusoma Ulaya, akafika, akaona, ana deni gani la habari kwa waliobaki? Deni la pesa naliacha kando. Hilo lina daftari lake la mchango na kikundi chake cha WhatsApp cha kukumbushana. Nauliza deni la kusema kweli.

Nina sababu ya kuuliza, kwa kuwa jambo lenyewe linanipa riziki. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa kuandika: tafsiri, maneno ya matangazo ya maduka, na zaidi ya vyote barua za motisha. Hiyo ni ile karatasi moja unayokieleza chuo cha ng'ambo kwa nini wakuchukue wewe na si mwengine. Nimewaandikia watu wa Majengo, wa Tudor, wa Bondeni, na waliobahatika wako Ujerumani, Hungary, Poland na Finland. Ndiyo, aliyeacha chuo ndiye anayewaandikia wengine waingie chuo. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Mwezi wa Shaaban jirani yetu mmoja alikuja nyumbani, akakaa sebuleni na mamangu. Ana kiduka cha leso Biashara Street. Binti yake ana miaka kumi na tisa, alama zake nzuri, na amepata nafasi Ujerumani. Hakuja kwa ajili ya barua, hiyo nilishaiandika zamani. Alikuja kwa ajili ya hesabu.

Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi karo, hata kwa mgeni, na hapo ndipo wazazi wengi wanapoacha kusikiza. Hawasikii kwamba ili upate viza ni lazima uonyeshe utajikimu vipi, na njia ya kawaida ni kufungua akaunti maalumu, unaweka pesa za mwaka mzima kabla hujapanda ndege, kisha unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Ukigawa kwa miezi kumi na miwili unapata 992. Kwa shilingi zetu jumla yake inapita milioni moja na nusu, na ni za mwaka mmoja tu. Jirani yetu ana vitu viwili vya kuuza: dhahabu ya mkewe, na fungu lake katika nyumba ya urithi.

"Mwanangu," akaniambia, "yule bint ami yako yuwasoma huko huko. Nataka uniambie kweli. Huko vipi?"

Nzuri ilikuwa ishafika kwenye ulimi. Nikamwambia, "Ami, wacha nimuulize mwenyewe, nikuletee jibu lake."

Bint ami yangu yuko Hamburg, mwaka wa tatu sasa. Usiku ule nilimwandikia: kuna mtu anataka kuuza dhahabu, sema kama ilivyo. Asubuhi nilikuta ujumbe wa sauti kumi na moja. Ukijumlisha, dakika arobaini.

Alianza na chumba. Karibu nusu ya pesa za mwezi inakwenda kwenye kodi, na ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Halafu kazi. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka (zilikuwa 120 mpaka 2024), na yeye zake anazimalizia kwenye bohari akifunga vifurushi, zamu ya alfajiri, kisha anakwenda darasani kusinzia. Mtihani mmoja ameuanguka mara mbili, na kwenye kozi yake ukiuanguka mara ya tatu unatolewa. Nyumbani hilo hawalijui. Baridi anasema utaizoea, giza ndilo baya: mwezi wa Disemba jua linazama saa kumi jioni, na unaweza kumaliza wiki bila mtu kukugongea mlango.

Ile picha ya Paris ambayo mamake ameiweka kwenye stetasi? Saa nne tu katika mji ule. Alikwenda na basi la usiku, akarudi na basi la usiku, mkate ndani ya mkoba. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani unaingia nchi nyingine za Schengen bila viza nyingine, siku 90 katika kila 180, na nchi zenyewe ni 29. Kwa hiyo amefika Paris, Prague na Copenhagen. Mvunguni mwa safari zote hizo kuna usiku ambao hakulala na chakula ambacho hakununua.

Mpaka hapo nilikuwa nayasikia niliyoyatarajia: mtu anaficha shida. Ujumbe wa tisa ndio ulionitoa kwenye mstari.

Hamburg kuna handaki la zamani linalopita chini ya mto Elbe. Lilifunguliwa mwaka 1911, wafanyakazi wa bandari wapate kuvuka kwenda kazini, na mpaka leo mwenye miguu anapita bure. Bint ami alipita mara ya kwanza saa tano usiku, peke yake, akitokea kwenye masomo. Katikati, mto uko juu ya kichwa chake, alisimama akacheka kwa sauti. Alikumbuka feri ya Likoni, kule kusukumana. Halafu akafahamu kwamba kicheko hakikuwa cha feri. "Pale kwetu," akasema, "nikitoka mlangoni, kabla sijafika Ndia Kuu baraza tatu zishajua naenda wapi. Huku hakuna aliyeniuliza mtoto wa nani. Nilitembea mpaka upande wa pili, nikarudi, nikaenda tena. Wallahi sijawahi kuwa na raha kama ile." Kikafuata kimya kidogo, kisha: "Lakini hilo usimwambie ami. Taabu mwambie. Raha usimwambie."

Nilidhani anayekaa mbali huficha machungu na kutuonyesha utamu. Kumbe machungu yanasemeka, tena yanakupa heshima: mtoto ameteseka, amesoma, amerudi na shahada. Utamu wa Paris nao unasemeka, kwa sababu ni wa kuonyesha. Kuna utamu mwingine ambao nyumbani hauna jina, na ukiusema, anayelipa si wewe. Analipa msichana anayefuata kwenye foleni. Baba akisikia kuhusu saa tano usiku chini ya mto, hatauliza tena yuro ngapi. Atasema basi, na dhahabu itarudi kabatini.

Kant, mwanafalsafa wa hao hao Wajerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba si halali kusema uongo hata kwa muuaji aliyekuja kumtafuta rafiki yako. Ni msimamo safi kabisa, wa mtu ambaye maisha yake yote hakutoka mbali na mji wake wa Königsberg. Mashekhe wetu wanatufunza kwamba anayepatanisha watu kwa neno la kheri hahesabiwi muongo. Huko nako nina wasiwasi, kwa sababu nimeona "neno la kheri" likimfanya mtu auze kiwanja.

Na si leo tu habari za Ulaya zinapotea njiani. Hamburg hiyo hiyo aliishi Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na baadaye kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake, kwa Kijerumani, akiwaeleza Wajerumani maisha ya Unguja. Lakini aliandika pia kinyume chake: barua za kumweleza rafiki wa Unguja maisha ya Ujerumani, ugeni wake na upweke wake. Hizo hazikuchapishwa uhai wake. Alifariki 1924, na zilitoka kitabuni miaka ya 1990. Bint ami alikwenda kulizuru kaburi lake Ohlsdorf, makaburi makubwa hadi mabasi ya abiria yanapita ndani. Yuko pia Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani mwaka 1896 akazunguka Urusi mpaka Siberia, akasimulia kwa Kiswahili. Safari yake ilichapishwa 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Ujerumani, mahali ambapo maafisa walikuwa wakifunzwa lugha yetu. Yaani mmoja aliwaambia wao habari zetu, mwingine akawaambia wao habari zao kwa lugha yetu, na barua zilizotuelekea sisi zikalala sandukuni.

Mtu akinisikia nikisema haya hunitolea Profesa Ali Mazrui. Kila mzazi hapa ana Mazrui wake wa kukupigia, hasa ukiwa umeacha chuo. Unakumbushwa kwamba mwaka 1948 alama zake za mtihani wa Cambridge zilikuwa duni, Makerere wakamkataa, akafanya kazi kwenye taasisi ile ambayo leo ni Technical University of Mombasa, kisha akaenda Uingereza, Huddersfield, halafu Manchester, na mwisho wake ni Oxford. Mimi ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba ile 1948 tunaijua. Ingefichwa, angebaki sanamu, na karani mwenye alama duni asingekuwa na la kushika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sidai umekamilika. Habari ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule atakayetenda jambo kwa sababu ya habari hiyo. Anayeuza dhahabu ana haki ya kila senti, kila zamu ya alfajiri, kila mtihani ulioanguka. Anayekwenda ana haki ya yote, na handaki ndani yake. Mama aliyebaki na presha yake, haki yake ni kusikia sauti ya mtoto wake kila Ijumaa.

Utaniambia baba hauzi dhahabu tu, anamtoa na binti yake, kwa nini asijue? Hapo mizani yangu inatikisika. Naweza kusema binti ni mtu mzima, hatua zake ni zake, na kutembea si tukio linalompata baba. Nayaamini hayo. Lakini mbele ya mzee yule, mbele ya mamangu, nisingeweza kuyatamka, na neno unaloliamini lakini huwezi kulitamka mbele ya mtu lina walakini wake.

Nilimfikishia dakika thelathini na sita kati ya arobaini. Akatoa karatasi akaandika hesabu, akauliza kuhusu bima, akauliza kuhusu bohari. Halafu akanyamaza sana.

"Na yule bint ami yako akiugua," akasema, "nani humpelekea uji?"

Nikamwambia hakuna, ami. Bima inalipa daktari, uji haumo.

Mpaka naandika haya hajaamua. Dhahabu imeshapimwa kwa sonara, ikarudishwa kabatini, ikatolewa tena. Yule binti alikuja kwangu wiki iliyopita kuchukua nakala ya barua yake, nikafunga mlango, nikamwekea zile dakika nne zilizobaki. Alisikiza kichwa kainamisha. Akaomba nirudishe nyuma, akasikiza tena.

"Dada," akaniuliza, "hilo handaki hufungwa saa ngapi?"

"Halifungwi."