Kijana Akilewa, Tumtenge?

Tumezoea kumtoa katika kwaya kijana anayekunywa gongo. Je, ni haki? Dhambi ni yake, hatukatai. Lakini asiye na shule, kazi wala mzazi wa kumwuliza amelala wapi, huvutwa upesi na ulevi. Huko Iceland mwaka 1998, vijana 42 kwa 100 wa miaka 15 na 16 walikiri kulewa mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walibaki 5. Wazazi walikaa nao zaidi, michezo ikaongezwa. Sisi tukimfukuza, tunabomoa uzio wake uliobaki. Tumwonye, hata tumpumzishe kuimba, lakini mazoezini aje, na jioni tumngoje nyumbani. Mungu atusaidie.