Makofi Hayalipi Kodi ya Nyumba

Tarehe 16 Juni ina siku mbili ndani yake. Moja ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kukumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka wa 1976. Nyingine ni ya wafanyakazi wa nyumbani, kwa sababu tarehe hiyo mwaka wa 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa haki zao. Mtoto na anayemlea wanagawana siku moja. Lakini uliza watu kwenye matatu ya Rongai. Ile ya mtoto waliisikia shuleni. Ya yaya? Kwani iko?

Swali langu ni hili: tukisema tunamtambua mlezi, tunampa nini hasa?

Wengi humpa sifa. "Huyu dada ni kama mtu wa familia." Nimesikia maneno hayo kwa waajiri wengi, na sijawahi kumsikia dada mwenyewe akiyaanzisha. Mtu wa familia hahesabu saa. Mshahara ukichelewa, anaelewa. Lakini siku ya picha ya familia, yeye ndiye anashikishwa simu apige.

Chini ya sifa hizo kuna imani kwamba upendo haulipwi, na kwamba anayelea kwa pesa hapendi kweli. Siikubali. Muuguzi tunataka atujali kwa moyo, na bado tunajua ana mshahara. Pesa haifukuzi upendo. Inampa anayependa chakula na usingizi, kesho awe na nguvu ya kupenda tena.

Wahenga walishasema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Waliiita kazi. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 pia liliiita kazi: yaya wa Nairobi aliwekewa kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba, kiwango kimoja na mfagiaji na tarishi. Hebu waulize marafiki zako wanalipa ngapi. Wengine watabadilisha stori.

Najua kuna jibu, na ni jibu zito. Mama anayefulia watu nguo hafikishi hiyo elfu kumi na sita yeye mwenyewe. Mtoto wake anashinda kwa jirani huko Mathare, chumba kimoja cha mabati, watoto kumi, kila mzazi anaacha mia moja asubuhi kama anayo. Anayelea hana, anayelipa hana. Nani amwongeze mwenzake?

Ndiyo maana sitaki jambo hili liachiwe wema wa mzazi. Bila chumba kile, mama wa kufua haendi kazini, muuza mboga hafiki sokoni, wa kiwandani hapigi zamu. Mji mzima unakula jasho la mlezi, kwa hivyo deni ni la mji mzima. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya vituo vya kutunzia watoto tangu 2017. Leseni na ukaguzi ni lazima, maana mtoto anaweza kuumia. Ila ukimjua mtu siku ya kumkagua peke yake, hujamtambua, umemshuku. Mkaguzi aje na mafunzo ya bure. Aje na maji, na pesa ya kuongeza mlezi wa pili. Hiyo inatoka kwa kodi zetu, mimi na wewe, hata kama hatuna watoto.

Kwa hivyo mkitaka kumwita jukwaani mumpe cheti, sawa, mwiteni. Mimi nitaangalia kesho yake. Je, anaweza kusema Jumapili napumzika? Anaweza kusema pesa hii haitoshi, bila kuambiwa fungasha nguo zako uende? Kama hawezi, basi tulimpigia makofi ili anyamaze.