Pambo Lisifiche Ufa

 

Ndugu Waislamu, Suratu Sabai, aya ya 10 na 11, inatufahamisha kuwa Allah alimlainishia chuma Nabii Daud (A.S.), akamwamrisha atengeneze nguo za vita na apime vyema viungo vyake. Hapo hapo ikafuata amri ya kutenda mema. Ufundi na uchamungu vimekwenda pamoja.

Huku Biharamulo chuma si kigeni. Wahunzi wa Kirongo waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, na majembe yalitolewa hata mahari, kabla ya chuma cha Ulaya kuiua kazi hiyo wakati wa ukoloni.

Leo vijana wa Ngara wanaotia nakshi mipini ya visu, mapanga na majembe kwa oda wananiuliza: je, chumo letu ni halali? Nawajibu kuwa asili yake ni halali. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa upanga wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa na pambo la fedha kwenye mpini. Lakini ipo mipaka.

Kwanza, Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Majani na mistari yanatosha.

Pili, mkataba. Mteja akileta panga lake upambe tu, huo ni ujira. Kubalianeni kiasi mapema. Akiagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa, Mahanafi wanakijuzisha kwa istisnaa. Sisi Mashafii tunakipitisha kwenye salam: sifa zijulikane, muda ujulikane, na bei yote ilipwe pale pale.

Tatu, na hili ndilo zito: ghushi. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akajitenga na mwenye kughushi. Je, mpini wenye ufa uliofunikwa rangi una tofauti gani? Panga likichomoka shambani Rulenge, linakata mguu wa mtu. Nakshi hiyo ni ushahidi wa uongo.

Nawe mteja wa mjini, usimzungushe fundi. Tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.