Kumeng'enya bila Kula

Anayekamua mawese Fizi au Baraka, huko Kivu ya Kusini, anajua kwamba ngazi, matunda ya mchikichi, hazina subira. Zikipondeka na kukaa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, mafuta hutoka yakiwa na asidi nyingi. Ndani ya tunda mna lipasi, kimeng'enya kinachoyakata mafuta kuwa gliseroli na asidi za mafuta. Kuchemsha hulainisha ngazi, na pia huua lipasi hiyo.

Huua? Kwani ilikuwa hai?

Bakteria hulifanya swali hili kuwa gumu zaidi. Bacillus na Pseudomonas, wakazi wa udongo, hutoa lipasi nje ya miili yao, kwa kuwa molekuli ya mafuta ni kubwa mno kupenya ndani. Anayetaka kuwachunguza huchukua udongo uliolowa mafuta, akawaotesha kwenye sahani yenye mafuta ya zeituni na rangi ya rodamini B. Penye lipasi hung'aa rangi ya chungwa chini ya miali ya urujuanimno. Kisha huwakuza katika kimiminika, akakizungusha kwa kasi. Bakteria hutuama, naye huwatupa. Protini zilizobaki majini hugandishwa kwa salfeti ya amonia, hupitishwa kwenye mrija wa kuzitenganisha, na lipasi hupimwa: inapenda joto gani, inavumilia asidi kiasi gani. Mwenyewe katupwa, kazi yake inaendelea.

Aristotle alifundisha kwamba mkono uliokatwa ni mkono kwa jina tu, kwa kuwa hauwezi tena kufanya kazi yake. Pasteur naye alifungamanisha uchachu na chembe hai. Lakini mwaka 1897 mwanakemia Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua, na maji yake yakachachusha sukari bila chembe hai.

Basi uhai ni kemia tu? Hapana, hitimisho hilo lina haraka. Lipasi ndani ya chupa humeng'enya, lakini haili. Ikikosa mafuta, haioni njaa. Bakteria akikosa chakula, huenda akaangamia. Mmenyuko ni uleule, ila hayupo tena yule aliyenufaika nao. Muumini anayeisaka roho kama kiungo kilichofichika, na mpinzani wake anayetamba kwamba mrija haukuikamata, wote wanatafuta kitu cha kuchujwa, ilhali kilichopotea ni uhusiano kati ya kazi na mwenye haja.

Na mwenye haja huyo hana mipaka iliyo wazi. Anameng'enya nje, topeni, ambako asidi alizozipata huweza kunyonywa na jirani asiyetoa lipasi yoyote. Kipimo cha lipasi ya tope zima, peke yake, hakionyeshi nani alikuwa akila.