Mizani ya Barazani

Marafiki waliopoteana kwa muda wakikutana huulizana mambo ya namna mbili. Kwanza huulizana habari za nyumbani: nani amesafiri, nani amerudi, nani ameoa, nani ameongezewa mtoto, nani mgonjwa. Habari hizi zikiisha, au zikifika mahali ambapo mwenye nazo hataki kuzipeleka mbele zaidi, mazungumzo hugeuka yakawaendea watu mashuhuri: mwimbaji fulani ameachana na mkewe, mcheza mpira fulani amenunua jumba, mwigizaji fulani amelazwa hospitali. Watu wa fikira huiona sehemu hii ya pili kuwa ni makapi ya mazungumzo. Husema kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kuijua ndoa ya mtu asiyemjua. Mimi nami kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wasemao hivyo, ingawa sikuacha kusikiliza. Leo nataka kuuliza swali ambalo sikuliuliza wakati ule: tunapomhukumu mtu mashuhuri aliye mbali, hukumu ile humwangukia nani?

Kwa upande mmoja swali hili ni la zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima juu ya maafa ya ulimi ndani ya Ihya yake, na humo akaeleza, kwa kufuata mapokeo ya Mtume, kwamba kusengenya ni kumtaja mwenzio kwa jambo ambalo angechukia kulisikia, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Likiwa si kweli, hilo ni kosa jingine lililo kubwa zaidi. Akaongeza kwamba asikilizaye naye ni mshirika. Mafundisho hayo yana nguvu, na barazani kwetu hukumbushwa mara kwa mara, aghalabu na mtu aliyekwisha kusikiliza mpaka mwisho. Lakini kama ninavyoyafahamu, jicho lake limeelekea zaidi kwa yule asiyekuwapo: heshima yake imechukuliwa naye hayupo kuitetea. Sasa mtu mashuhuri aliye ng'ambo ya bahari, au aliyekwisha kufa, huonekana hapungukiwi kitu na kicheko cha wanywa kahawa wa Unguja. Hapo ndipo wengi wetu hujipa ruhusa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi twairusha tupendavyo, wala hatutazami imeangukia wapi.

Nitasimulia ilikoanguka yangu.

Mwezi wa Desemba, mwaka 2019, rafiki yangu wa tangu utotoni alirudi Unguja kutoka Uingereza, alikokwenda pamoja na mkewe na watoto wawili kumtazama kaka yake. Kaka huyo alihamia huko alipokuwa kijana. Nilimjua vizuri, kwani ndiye aliyenifundisha kuogelea pale Forodhani, kwa kunisukuma majini na kujirusha nyuma yangu kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Jioni ya pili baada ya kurudi, msafiri wetu alikuja barazani, akakaribishwa, kahawa ikamiminwa. Alitueleza safari yake kwa utaratibu wa wasafiri wote: bei za vitu kwanza, baridi baadaye, watu mwisho. Alisema kwamba jua la huko, miezi ile, huzama kabla ya saa kumi, hata mtu akadhani Alasiri na Magharibi zimefungwa kamba moja. Alisema binti yake mdogo alilia alipoona moshi ukimtoka kinywani kwa baridi, akidhani kwamba anaungua ndani. Tulicheka sana.

Mmoja wetu akamwuliza, "Na kaka hajambo?"

"Hajambo. Anawasalimu." Akanyamaza kidogo, kisha akageuza habari. Akasema kwamba si mbali na anakokaa kaka yake uko mji wa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na kwamba watoto walimsumbua mpaka akawapeleka kuiona nyumba aliyoishi Freddie Mercury.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji asiye mtu wa Unguja. Mwimbaji huyo alizaliwa mjini kwetu tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotoka Uhindini. Alipelekwa kusoma shule ya bweni Panchgani, India. Na mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, jamaa zake walihamia Uingereza wakakaa Feltham. Habari yake basi ilikuwa habari ya safari za jamaa kabla ya kuwa habari ya umaarufu. Kibao cha ukumbusho kiliwekwa ukutani mwa nyumba ile mwaka 2016. Na hapa kwetu, mwezi wa Novemba 2019, majuma machache tu kabla ya jioni ninayoisimulia, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake mtaa wa Shangani. Jina lake lilikuwa vinywani mwa watu. Wengine walifurahi kwa ajili ya fedha za watalii. Wengine walinung'unika wakiuliza kama mji umekosa mwana mwingine wa kukumbukwa.

Rafiki yangu akaendelea. Alisema kwamba jambo lililomshangaza katika habari za mtu yule ni namna alivyoficha maradhi yake. Waandishi wa magazeti waliizingira nyumba yake, naye akanyamaza. Tarehe 23 Novemba 1991 ndipo alipotangaza kwamba ana Ukimwi, na kesho yake akafa, umri wake miaka 45. "Mtu aliyeimba mbele ya maelfu kwa maelfu," alisema, "neno moja tu lilimshinda kulisema. Sijui nani alimwogopesha."

Nikilikumbuka sasa naona kwamba lile lilikuwa swali. Wakati ule sikuliona hivyo. Nililijibu kwa wepesi wa mtu aliyezoea kusikilizwa darasani. Nikasema, "Hakuogopeshwa na mtu. Mwenye kuficha ana la kuficha. Alilima, akavuna." Kicheko kikapasuka. Mwingine akaongeza utani ambao sitauandika hapa. Mzee mmoja akaleta istighfari huku mabega yakimtikisika. Rafiki yangu alikirudisha kikombe kwa muuza kahawa, akasema kwamba bado ana uchovu wa safari, akaenda zake. Nilidhani kweli ni uchovu.

Mama yao alifariki mwaka 2021. Baada ya hitima, watu walipokwisha kutawanyika, tulibaki wawili tukikunja mikeka, naye akaniambia. Kaka yake alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mzima, anakwenda kazini, anameza dawa zake kila siku, na virusi vilikuwa haba damuni mwake hata vipimo havikuvionyesha. Na mtu wa namna hiyo, kama waganga walivyokwisha kuthibitisha, hawezi kumwambukiza mwenziwe wa ndoa. Mambo hayakuwa hivyo zamani. Dawa za kuchanganya zilizogeuza hukumu ya kifo kuwa maradhi ya kuishi nayo zilipatikana mwaka 1996, miaka mitano baada ya mauti ya mwimbaji wa Feltham, na Tanzania ilianza kuzigawa bure mwaka 2004. Sayansi ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Kaka hakuogopa maradhi, wala hakuogopa gharama za ndege. Alitaka kurudi kumwona mama yake, naye aliogopa baraza. Alijua kwamba katika nyumba zetu mkoba wa mgeni hufunguliwa na watoto wanaotafuta zawadi, na kwamba kikopo cha dawa kikionekana asubuhi, jina lake hujulikana mtaa mzima kabla ya adhana ya adhuhuri.

Basi alipokuwa akiagana na mdogo wake alimpa kazi moja. Alimwambia, "Ukifika, nitazamie watu wetu wako namna gani siku hizi. Usiwaulize juu yangu. Waulize juu ya mtu mwingine."

"Nikawauliza, Maalim," rafiki yangu alisema. "Ndiwe uliyenijibu."

Siwezi kusema kwamba neno langu peke yake lilimzuia. Mwaka 2020 lilikuja janga la Korona na njia zikafungwa, na huenda angezuilika kwa hilo tu. Lakini kati ya jioni ile na kufungwa kwa njia ilipita miezi mitatu, na katika miezi hiyo ndege zilikuwa zikija kila siku. Nimeihesabu mara nyingi.

Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba habari za mashuhuri ni makapi. Baharia akiingia bandari asiyoijua hutupa bildi kwanza apime kina, kwa maana risasi na kamba vikipotea ni hasara ndogo kuliko chombo. Mtu mwenye siri naye hufanya vivyo hivyo. Hawezi kutupa maisha yake mwenyewe majini ili aone kama yatazama. Hutupa ya mtu mwingine, mtu ambaye kila mmoja anamjua na hakuna aliye jamaa yake. Rafiki ambaye ndoa yake inavunjika hutaja talaka ya mwimbaji. Mzazi ambaye mwanawe ameingia katika ulevi hutaja mcheza mpira aliyeharibiwa na pombe. Kisha husikiliza. Jambo hili lina umri kuliko sinema na magazeti. Siti binti Saad, ambaye sahani zake za santuri zilianza kutengenezwa Bombay mwaka 1928, aliimba habari za mitaani na za mahakamani, na sina shaka kwamba wako wanawake waliozungumza juu ya mateso ya mtu wa ndani ya wimbo kwa kuwa hawakuweza kuyataja yao.

Mwenzangu mmoja wa chuo, mtu wa falsafa, alinipinga nilipomweleza rai hii. Alisema kwamba rafiki wa kweli anapaswa kujua kuwa nitamhurumia yeye kuliko nitakavyomhurumia mgeni. Kwa hiyo hukumu juu ya mgeni haimhusu. Hoja hii ni nzuri, lakini inamtaka aliyejificha ajue jambo ambalo hawezi kulijua ila kwa kujifichua. Kabla ya hapo hana mbele yake isipokuwa sheria iliyotangazwa. Nimesema kwamba mwenye maradhi yale amevuna alicholima. Sikusema "isipokuwa aliyenifundisha kuogelea". Huruma yangu ya siri, ikiwa nilikuwa nayo, ilikuwa na faida gani kwa mtu aliyeko Uingereza akingoja kuambiwa kina cha maji?

Akaniuliza tena: Je, tusihukumu kabisa? Hapo ndipo penye ugumu, nami sitaki kuupita upande. Kuna hukumu ambayo kuinyima ndiko kunakojeruhi. Mwanamuziki wa Marekani R. Kelly alipotiwa hatiani New York mwaka 2021 kwa makosa ya kuwadhulumu wasichana na wanawake, niliketi katika nyumba moja ambamo mtu mzima alisema kwamba wale mabinti walitaka fedha tu. Hakuna aliyemjibu, ilikuwa habari ya mbali, na chakula kilikuwa kinapoa. Nyuma ya pazia walikuwamo wasichana wa nyumba ile wakipakua. Ikiwa mmoja wao alikuwa na jambo la namna hiyo kifuani mwake, jioni ile alifunzwa alifiche mpaka kaburini. Kwa hiyo sisemi kwamba mashuhuri wasemwe kwa upole daima. Nasema kwamba anayeyasikia maneno yetu si yeye. Ukali wangu kwa dhalimu humwambia aliyedhulumiwa kwamba mlango uko wazi. Ukali wangu kwa mgonjwa humwambia mgonjwa kwamba umefungwa. Mkosaji na mwenye msiba hatuwatofautishi kwa umaarufu wao, na mara nyingi mtu mmoja huwa yote mawili; hapo sina kanuni, nami nina shaka na mwenye nayo.

Sipigi marufuku kicheko. Jumba la mcheza mpira na lichekwe, na suruali za waimbaji pia. Baraza isiyocheka haina wa kuikalia.

Mwaka jana nilimwandikia kaka barua kwa mkono, nikamweleza nililolisema na kwamba nalijutia. Nilimwambia pia kwamba nyumba yangu ina chumba chenye kufuli, na ufunguo wake ni mmoja. Alichukua miezi miwili kunijibu. Alinipa habari za magoti yake, ambayo yanamwuma wakati wa baridi, na za muhogo unaouzwa London kwa bei ya nyama, na za mjukuu wa jirani aliyempa jina la utani la Kiswahili. Juu ya barua yangu hakusema lolote. Mwishoni kabisa, chini ya sahihi yake, aliniuliza kama nimesikia kwamba mwimbaji mmoja, ambaye sisi sote wawili tulimpenda ujanani, amesemwa magazetini kuwa ana maradhi ya akili, na kama nimesikia, naonaje.

Nimeianza barua ya kumjibu mara tatu.