WAZO LA LEO: Ufalme Apewe Mdogo

Ukifundisha maigizo kwa watoto wa miaka sita hadi kumi na minne pamoja, usianze na karatasi. Wadogo bado wanahangaika na kusoma, wakubwa watakariri kama wanajibu mtihani. Anza na mchezo wanaoujua. Nyama Nyama Nyama unatosha. Una kiongozi, una kiitikio, unadai sikio makini na mwili mwepesi. Hayo ndiyo maigizo yenyewe, na wa miaka sita mara nyingi humshinda wa kumi na minne, kwa sababu hajaanza kuona haya.

Viola Spolin aliwafundisha watu maigizo mjini Chicago, watoto wa wahamiaji wakiwamo, kwa njia ya michezo. Hakuwaeleza waigize vipi. Aliwapa jambo la kutatua, wakaigiza bila kujijua. Kitabu chake cha mwaka 1963 hadi leo hutumiwa na waigizaji wazima.

Hadithi ifuate baadaye, na hapo ndipo wengi wetu huharibu: mrefu anafanywa mfalme, wadogo wanafanywa miti. Mti hauna la kufanya, na mtoto asiye na la kufanya atamfinya mwenzake. Ufalme mpe mdogo. Mkubwa awe msimulizi, maana ndiye atakayeiokoa hadithi mfalme akisahau maneno na kuanza kumpungia mama yake mkono.

Mzazi akiuliza kwa nini mwanawe wa darasa la saba hakupewa taji, mwambie aje atazame mazoezi.