Sikio Kwanza, Mtambo Baadaye

Kijana mmoja mtaani kwetu amepokea mshahara wake wa kwanza, akaja kuniuliza: "Shikamoo mjomba. Ninunue hedifoni gani za kusikilizia muziki nyumbani? Na amplifaya je, ni lazima?" Swali zuri, nami nililichukua kwa uzito wake.

Nilimwambia aanze na hedifoni, amplifaya isubiri. Hedifoni ndizo zinazoutoa muziki. Kazi ya amplifaya ni kuzipa nguvu, na si zote zinazoihitaji. Nyingi za madukani zina ukinzani wa omu 32 au karibu na hapo, na simu yenye tundu la waya huzimudu bila taabu. Lakini Sennheiser HD 600, zilizotoka mwaka 1997, zina omu 300. Ukizichomeka kwenye simu, sauti huweza kubaki ya chini hata ukiipandisha mpaka mwisho. Hapo amplifaya ina kazi. Kwa hiyo mnunuzi asome namba hizo kwenye boksi kabla hajafungua pochi.

Kisha atazame anakoishi. Hedifoni zilizo wazi nyuma hutoa muziki wenye nafasi, kila chombo kikasikika mahali pake. Ila muziki huo humfikia pia mwenzako aliyelala kitanda cha pili. Kwa wanaoishi chumba kimoja, zilizofungwa ndizo za kiungwana. Starehe yako isiwe karaha ya mwenzako.

Jambo ninalotaka vijana walishike ni hili: amplifaya haichagui. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Leo ukizisikiliza, sauti yake inakuja pamoja na mikwaruzo ya sahani. Ukiongeza nguvu, vyote viwili vinakua sawia. Kinachomtoa Siti katikati ya mikwaruzo ile ni sikio lililotulia, linalongoja pumzi yake kabla ya mshororo na kuifuata fidla inapomjibu. Sikio hilo haliuzwi dukani, na bila hilo vifaa vya bei mbaya ni makelele tu.

Tumezoea kudhani kwamba chenye sauti kubwa ndicho chenye maana, iwe kwenye muziki, mikutanoni, hata majumbani mwetu. Mwili wenyewe unakataa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Na usikivu ukishaharibiwa na kelele, mara nyingi haurudi.

Basi mwanangu, chagua nyimbo chache unazozijua kwa moyo, uende nazo dukani, uombe kujaribu. Punguza sauti. Sikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho bila kuugusa. Hedifoni zitakazokuonyesha gitaa la pili ambalo hukuwahi kuligundua, na zisikubane masikio, hizo ndizo zako, hata kama si za bei ya juu. Ukifika nazo nyumbani na bado sauti ikawa ndogo mno, nunua amplifaya kwa amani. Utakuwa unajua unainunua kwa nini.